Dawa zilizobaki kwenye friji lako

Kaka mmoja alikuja kliniki asubuhi na kopo la aiskrimu la lita mbili mkononi. Nikajua ni visheti au keki, kwa sababu wateja wetu wakishapata mtoto hawaji mikono mitupu. Akaliweka mezani kwangu, akafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na dawa za kusaidia kupata mimba: kalamu mbili za sindano za Gonal-F, vichupa vya Menopur bado vikiwa kwenye boksi lake, sindano za Cetrotide, na Cyclogest nyingi.

"Dada, mke wangu hataki kuziona tena ndani ya nyumba," akasema. "Mpeni mtu ambaye hana."

Nikamuuliza zilikaa wapi. Kwenye friji. Tangu lini? Tangu Oktoba. Na umeme? Hapo akacheka, na mimi nikacheka, maana hiyo ilikuwa Februari 2024, na aliyeishi Dar miezi ile hahitaji kuelezwa mgao wa umeme. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ndiyo kwanza ulikuwa unawashwa mwezi huohuo. Kabla ya hapo samaki tulikuwa tunanunua wa kula siku hiyohiyo, na mtu mwenye friji alikuwa na kabati tu lenye taa, tena taa yenyewe haiwaki.

Nikamwambia siwezi kuzipokea kwa ajili ya mtu mwingine. Hakunielewa, na simlaumu. Vitu vya pesa nyingi, maboksi hayajafunguliwa, tarehe za kuisha muda bado mbali, halafu nesi anakataa, huku pale nje kwenye benchi amekaa mama aliyeahirisha matibabu kwa kukosa pesa ya sindano hizohizo. Kwa aliyesimama upande wa pili wa meza, huo ni ukatili. Nimeona niandike kwa urefu kwa nini nilikataa, na kwa nini pamoja na hayo naamini dawa hizi zinaweza kumfikia yule mama wa kwenye benchi.

Nijitambulishe kwanza kwa wageni. Mimi ni muuguzi. Nilianzia wodi ya wazazi kwenye hospitali ya mkoa, sasa nipo kliniki binafsi ya uzazi hapa Dar, ambayo siitaji jina kwa sababu ninayoandika hapa ni yangu, si ya mwajiri. Kazi yangu kubwa ni kufundisha watu kujichoma sindano tumboni, kupanga ratiba za dawa, na kupokea simu saa nne usiku kutoka kwa mume anayetetemeka kuliko mkewe: "Dada, kuna kipovu kwenye sindano, si nitamuua?" Humuui, kaka. Igonge kwa kidole, kipande juu, ukitoe.

Dawa zinabaki kwa sababu mwanzo wa matibabu ni makisio. Daktari anakisia kwa umri, kwa kipimo cha homoni ya AMH, kwa vifuko vya mayai anavyovihesabu kwenye ultrasaundi, lakini anakisia. Kawaida yai moja ndilo linalokomaa kwa mwezi. Sisi tunataka yakomae kadhaa kwa pamoja ili yavunwe, yarutubishwe maabara, kisha kiinitete kipandikizwe; hiyo ndiyo IVF. Ndiyo maana mama anachomwa homoni ya kukuza mayai, FSH, iliyomo kwenye Gonal-F na Menopur, kila siku, mara nyingi kwa siku nane hadi kumi na mbili. Siku ya tano au ya sita tunamwita kuangalia. Mayai yamekuja kwa kasi mno? Dozi inashuka, maana yakizidi tumbo hujaa maji na mtu anaweza kulazwa. Yamelala? Dozi inapanda. Hakuna linaloeleweka? Raundi, yaani awamu nzima ya matibabu, inasimamishwa. Wakati huo mwenyewe ameshanunua kila kitu, kwa sababu dawa hizi hazipatikani kila duka la dawa, na ukiishiwa Jumapili jioni katikati ya raundi huna pa kukimbilia. Na kalamu inauzwa nzima. Ile ya yuniti 900 haikatwi kama sabuni ya mche, useme nipe ya mia tatu.

Wapo pia wanaopata mimba wenyewe wakati wanasubiri tarehe ya kuanza. Wapo wanaoachana. Wapo walioishiwa nguvu tu.

Cyclogest nayo ina habari yake. Hiyo ni projesteroni, inaanza baada ya mayai kuvunwa, na mimba ikishika mtu anaendelea nayo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu akiniletea Cyclogest nyingi huwa siulizi kilichotokea. Kipimo kilisoma hasi, dawa ikasimamishwa, boksi likabaki. Yule kaka sikumuuliza.

Naomba tukae kidogo kwa hawa wanaoleta, kwa sababu watu hudhani wanataka sifa. Sijamwona hata mmoja anayetaka sifa. Kuna mama alivuka na pantoni kutoka Kigamboni akiwa na ujauzito wa miezi mitano, joto la saa saba, kuniletea vichupa vitatu. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba akishika mimba kilichobaki atakitoa sadaka, na nadhiri haitimizwi kwa kumtuma mtoto wa jirani. Kuna mwingine alikuja na dada yake, dada ndiye aliyebeba mfuko, yeye akabaki mlangoni. Hakutaka hata kukanyaga ndani. Mlango huo alikuwa ameuingia mara nyingi na matumaini, mimi ndiye niliyekuwa nampokea. Dada yake aliponikabidhi mfuko akasema kwa sauti ya chini, "Sema umepokea, basi. Hata ukizitupa nyuma yetu, sema umepokea." Nikapokea. Zikaenda kuteketezwa pamoja na taka za dawa, na sioni kama nilidanganya, maana kupokea kweli nilipokea.

Mtu ambaye raundi yake imeshindikana anabaki na vitu vichache vya kushika. Hakuna kaburi, hakuna matanga, watu wengi hata hawajui kwamba alikuwa kwenye matibabu. Ana boksi kwenye friji, nyuma ya maziwa, na kila anapofungua kuchukua maji anakutana nalo. Kulitupa anahisi ni kufuru, kwa bei ile. Kumpa mwenzake kunampa pa kulipeleka. Ndiyo maana ninapokataa nakataa taratibu, na simwambii mtu "hizi si kitu tena".

Na wanaohitaji wapo, tena wengi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupitia ugumba katika maisha yake. Hapa kwetu bima nyingi haziigusi IVF kabisa, kwa hiyo ni pesa ya mfukoni: mchezo, vikoba, mkopo wa kazini, kiwanja cha Chanika kilichouzwa kabla hakijapimwa. Sindano peke yake zinaweza kula milioni kadhaa kabla hujafika kwenye kuvuna mayai. Nimeona watu wakimaliza vipimo vyote, mume na mke, wakapewa orodha ya dawa, wakaikunja vizuri, wakaaga, na hawakurudi.

Kwa hiyo dawa ipo upande huu, mwenye shida yupo upande ule. Kinachokaa katikati ni joto.

FSH ni protini. Kalamu ya Gonal-F inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Mtengenezaji anaruhusu uiweke nje ya friji kwa kipindi kimoja, hadi miezi mitatu, mradi joto lisipite 25, na kipindi hicho kikiisha haijatumika, inatupwa. Ukishaifungua una siku 28. Ovitrelle, ile sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, ukiitoa kwenye friji una siku 30, nayo isipite 25. Menopur ni poda, haidai friji, lakini hata yenyewe mwisho wake ni 25. Sasa niambie, wewe wa Tabata, wewe wa Mbagala, chumba chako kina nyuzi 25 saa ngapi? Februari mchana tunapita 30, na usiku unajua mwenyewe unavyogeuza mto. Karatasi ya maelekezo inaposema "joto la kawaida la chumba" inazungumzia chumba cha Ulaya. Hapa Dar dawa iliyo nje ya friji, kama hakuna kiyoyozi, iko juani kwa maana ya mtengenezaji.

Na kuna wale wanaoiweka kwenye friza ili ikae salama zaidi. Kugandisha nako kunaiharibu.

Lakini shida yenyewe ni kwamba haionyeshi. Maziwa yakiharibika yanaganda na kunuka. Protini ya kwenye kalamu inaweza kupoteza nguvu na kimiminika kikabaki angavu vilevile, boksi likabaki na kibandiko chake. Mimi sina kifaa pale mezani cha kuichovya na kujua imebaki na nguvu kiasi gani. Nikiitazama naona boksi. Safari yake siioni: iliwahi kusahauliwa kwenye gari Mwenge? Friji lilizimwa kwa sababu LUKU iliisha, mwenyewe yuko msibani Singida?

Sasa tuseme nampa yule mama wa kwenye benchi. Anachoma kila jioni saa mbili, anavumilia, mume anashika tochi ya simu. Siku ya sita tunampiga ultrasaundi: vifuko vidogo, havijakua. Daktari anapandisha dozi. Siku ya nane, vilevile. Raundi inasimamishwa, na kwenye faili anaandikiwa kwamba ovari zake haziitikii dawa. Hakuna atakayeandika kwamba dawa ilikuwa imepikwa na mgao wa umeme wa mtu mwingine. Maneno hayo ya kwenye faili yanamfuata. Raundi ijayo ataanzishiwa dozi kubwa zaidi, yaani gharama zaidi, na pengine daktari mwingine atamwambia afikirie mayai ya kuchangiwa na mwanamke mwingine. Akirudi nyumbani, mama mkwe hatauliza habari za friji. Atasema mwanamke hana mayai.

Hapo ndipo mimi ninapokwama. Dawa ya bure iliyopoteza nguvu, anayeilipia ni yuleyule tuliyesema tunamsaidia, na analipa kwa kuaminishwa kwamba kosa ni la mwili wake.

Biashara ya WhatsApp ni mbaya zaidi, na naisema kwa ufupi kwa sababu wanaofanya wanajijua. Kuna magrupu watu wanauziana zilizobaki kwa nusu bei. Binti mmoja alinunua kalamu kutoka Arusha, zikatumwa kwa basi, zikashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi ndani ya boksi la viatu na chupa ya maji ambayo asubuhi ilikuwa barafu. Jioni yalikuwa maji ya kuoga. Akaja kwangu nimfundishe kuchoma, na dozi alikuwa ameshapewa na muuzaji, dozi ya muuzaji mwenyewe! Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anampa dozi yake binti wa ishirini na saba mwenye ovari zenye vifuko tele. Hata kama dawa ingekuwa nzima, hasa kama ingekuwa nzima, hiyo ni njia ya kumpeleka mtu wodini tumbo limejaa maji. Nikampeleka kwa daktari. Baada ya vipimo ikaonekana shida yake ni kutopevusha yai kila mwezi, akaanzishiwa letrozole, vidonge, vya bei ya kawaida kabisa. Kalamu hakuzihitaji tangu mwanzo.

Nikiwa nafundisha sindano ya Menopur huwa nawasimulia watu ilikotoka, ili wasahau ncha ya sindano. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni za aina hii hujaa kwenye mkojo wake. Kampuni ya Serono ya Roma ililitumia hilo katikati ya karne iliyopita: ilikusanya mkojo wa watawa wazee kwenye nyumba za masista Italia, ikauchuja ikapata dawa iliyoitwa Pergonal. Mtoto wa kwanza aliyetokana nayo alizaliwa Israeli mwaka 1962, mama akiwa ametibiwa na daktari Bruno Lunenfeld. Hadi leo Menopur inatokana na mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Gonal-F yenyewe ni ya maabara, inatengenezwa kwa seli zilizotokana na hamsta. Wengine hucheka, wengine hukunja uso, mama mmoja aliniambia atamuuliza kwanza shehe wake, nikamwambia muulize, tutakusubiri. Mimi huwa nawafikiria wale watawa, wanawake walioapa kutozaa, wakitoa kitu wasichokihitaji bila kumjua atakayekitumia. Walitoa lakini kwa utaratibu: walijulikana ni akina nani, kilichukuliwa wapi, kilipelekwa kiwandani, kikasafishwa na kupimwa.

Dada mmoja msomaji wangu wa Marekani aliniandikia kwamba kliniki yake kule huwa inapokea zilizobaki na kuwapa wasio na uwezo, na kwamba yeye akija likizo Desemba ataniletea begi. Kweli wenzetu wana mipango ya namna hiyo kwa dawa mbalimbali. Jimbo la Iowa lina wake tangu 2007. Lakini pakiti inachunguzwa na mfamasia kwanza, na kwao umeme kukatika ni habari ya redioni. Nikamwandikia asilete. Dawa kuingia nchini ina taratibu zake TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, na begi la ndege kutoka Minneapolis kupitia Doha hadi Dar si friji.

Halafu tuna kumbukumbu ya dawa za msaada ambayo bara hili halipaswi kuisahau. Eritrea ilipokuwa vitani ikidai uhuru ilipelekewa, pamoja na mengine, malori saba ya aspirini zilizoisha muda. Ilichukua miezi sita kuzichoma moto. Mifano kama hiyo ndiyo iliyofanya Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake watoe mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, na ndani yake kuna masharti mawili ninayoyajua kwa moyo: dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa ikarudishwa isitolewe msaada, na dawa ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Mfamasia wetu, mtu wa maneno machache, ananisomea sharti la kwanza kila ninapoanza hotuba yangu ya kusaidia maskini.

Nilikaa na sharti hilo muda mrefu. Liliandikwa kwa ajili ya makontena yanayovuka bahari, lakini sababu yake ni ileile ya kwangu: dawa ikishatoka mkononi mwa mtaalamu hujui imepitia nini. Basi nikajiuliza swali la kijinga. Kwa nini inatoka?

Uholanzi walilijibu kwa njia yao. Watafiti wa hospitali ya chuo kikuu cha Radboud kule Nijmegen walijaribu na vidonge vya saratani, ambavyo navyo ni ghali. Pakiti inaondoka ikiwa imefungwa kwenye mfuko wenye lakiri na kifaa kidogo kinachoonyesha kama joto lilipita kiwango. Ikirudi na lakiri nzima, muda haujaisha na joto halikuzidi, inapewa mgonjwa mwingine. Kwetu vifaa hivyo ni gharama juu ya gharama. Lakini sisi tuna kitu ambacho mgonjwa wa saratani anayemeza vidonge nyumbani miezi na miezi hana: mgonjwa wetu anakuja kliniki kila baada ya siku mbili tatu. Tunamwona kuliko shemeji yake anavyomwona.

Kwa hiyo dawa zikae kwetu. Ndilo pendekezo langu lote, na tumeanza kulifanya. Ukilipia, dawa zako zinawekwa kwenye kikapu chenye namba ya faili lako ndani ya friji la famasi, lenye kipimajoto kinachosomwa asubuhi na jioni na kuandikwa, na jenereta nyuma ya jengo. Ukija kwenye ultrasaundi unaondoka na za siku chache, ndani ya kiboksi cha baridi, siyo na shehena nzima. Dozi ikishuka, kilichozidi kipo kikapuni. Raundi ikisimama, kipo kikapuni. Hakijawahi kupanda bajaji.

Hicho ndicho kinachoweza kupewa mtu mwingine, na mfamasia wangu, baada ya kunyamaza kwa siku kadhaa, alikubali kwamba dawa ambayo haijatoka kwenye friji lake haijarudishwa. Mwenyewe anachagua: itunzwe kwa raundi yake ijayo kama muda unaruhusu, au asaini kuitoa. Akisaini, mfamasia anaandika namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, na karatasi ya joto inaambatanishwa. Anayepokea anaambiwa wazi kwamba ni dawa iliyozidi ya mgonjwa mwingine, bila jina, na anaweza kukataa. Dozi ni ya daktari wake, si ya mtoaji. Kalamu iliyofunguliwa haihusiki kabisa, hata kama imechomwa mara moja, hata ukiniambia ulibadilisha sindano, kwa sababu damu kidogo inaweza kurudi ndani ya kalamu bila kuonekana.

Hawakosekani wa kunipinga. Mwenzangu mmoja alisema watu wa Mwanza na Mbeya je? Hao wakati wa sindano huwa tayari wamepanga chumba Sinza au wako kwa ndugu, wanaweza kuja. Wa Kibaha na Bagamoyo ndio wanaoumia kwa nauli, na kwao tunawapa za siku nyingi kidogo, basi kinachobaki kwao hakirudi. Mwingine akasema wagonjwa hawatatuamini, watadhani tunaiba. Hiyo ni hoja nzito kuliko ya nauli, na sina la kuwalaumu. Wapo waliowahi kulipia dawa mahali wakachomwa nusu. Ndiyo maana kila kikapu kina daftari lake, na mgonjwa anahesabu mwenyewe kila akija. Wengine huhesabu mara mbili mbele yangu. Wahesabu.

Kuhusu vidonge, Progynova (homoni ya estrojeni) na wenzake vilivyobaki nyumbani kwenye pakiti yake nzima, mfamasia bado anakataa, na mimi nadhani anazidisha. Tunabishana kila wiki. Siku atakayokubali nitaandika.

Kwa sasa, kama una dawa nyumbani, usimpe shoga yako, usiuze, usimwage chooni. Zilete tuziteketeze na taka za dawa. Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu yenye mfuniko, siyo mfuko wa Rambo, kwa sababu anayezoa taka mtaani kwako ana mikono kama yako. Nasi tutazitia kwenye sefti boksi, boksi maalumu la sindano zilizotumika.

Kilichobaki ni mgogoro wangu na bosi. Mwanzoni hakupenda habari hii, kwa sababu kila kichupa kinachopewa bure ni kichupa ambacho hakikuuzwa, na alinionyesha kwa kikokotoo. Baadaye akaona faida yake: watu walioacha matibabu kwa kukosa sindano wamerudi, na wakirudi wanalipia vipimo, maabara na kuvuna mayai. Sawa, kila mtu na sababu yake. Sasa anataka mtoaji na mpokeaji wapigwe picha wakikabidhiana, iwekwe Instagram ya kliniki, na maua. Nikamwambia kwenye fomu niliyoandika mimi mtoaji hajui inakwenda kwa nani na mpokeaji hajui imetoka kwa nani, na nusu ya watu hawa hata mawifi zao hawajui kwamba wanakuja hapa. Akasema basi tuwafunike nyuso. Jumatatu tuna kikao, mfamasia ameahidi kuja, na kwa mara ya kwanza nadhani atakuwa upande wangu.